Nimeuziwa drili bandia, na mwenye duka ni rafiki wa baba

SWALI

Shikamoo Mzee Fundi,

Mimi ni seremala, nina karakana ndogo ya kupanga huku Makorora, Tanga. Natengeneza makabati ya jikoni, milango na vitanda, na makabati mengi namalizia kuyafunga nyumbani kwa mteja. Miezi michache iliyopita nilipata kazi nzuri Raskazone. Nyumba ilikuwa bado haijaungwa umeme, nikaona wakati umefika wa kuacha kuvuta waya kutoka kwa majirani. Nikaenda duka moja la vifaa Ngamiani, nikanunua seti ya drili ya betri: mashine, betri mbili, chaja na boksi gumu lililojaa biti na soketi. Yote kwa shilingi 165,000. Rangi ni ile ya bluu ya Makita ambayo kila fundi anaijua, jina limeandikwa vilevile, na ubavuni pameandikwa kwamba imetengenezwa Japani. Kwenye betri wameandika volti 48 na mAh 15,000.

Mwanzoni ilifanya kazi kwenye mbao za paini. Nilipoingia kwenye mtiki na mninga ikaanza kuzubaa. Skrubu ya inchi mbili inafika nusu, mashine inanguruma, halafu kimya. Sasa betri moja haishiki chaji kabisa. Ya pili imevimba kidogo, na ikiwa kwenye chaja inapata moto mpaka siwezi kuishika. Kazi ya Raskazone nimeimalizia kwa bisibisi ya mkono, na mteja amenikata hela kwa kuchelewa.

Nimeanza tena kudunduliza ninunue nyingine, lakini kila mtu ana lake. Mwenzangu mmoja anasema niende Kariakoo nikachague mwenyewe. Mwingine anataka ninunue mtumba wa Japani. Fundi aliyenifundisha kazi anasema mashine za Kichina zote ni feki, nisiguse Total wala Ingco, bora nirudi kwenye za waya. Nitajuaje mashine ya kweli kabla sijatoa hela?

Na kuna hili linaloninyima usingizi. Mwenye duka ni rafiki wa baba yangu, wanaswali msikiti mmoja. Risiti alinipa ya kuandika kwa mkono. Nikienda kudai nitaonekana nimemvunjia mzee heshima, na nikinyamaza hela yangu imekwenda. Nifanyeje?

Seremala, Makorora


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kukatwa hela na mteja kwa kosa ambalo si lako ni jambo linalouma, hasa kwa kijana anayejenga jina.

Kabla hatujafika kwenye ununuzi, nakuomba uache kusoma kidogo ushughulikie ile betri iliyovimba. Usiichaji tena, hata mara moja. Chomoa chaja ukutani, itoe betri karakana, iweke nje penye mchanga mtupu au sakafu ya saruji, mbali na mbao na mbali na watoto. Usiitoboe, usiifungue kwa bisibisi kutazama ndani. Karakana ya seremala ina vumbi la mbao, maranda, vanishi na tina, na betri ya lithiamu ikishika moto haitoi nafasi ya kufikiri. Ikianza kutoa moshi usiiguse, waondoe watu, piga 114 uwaite Zimamoto. Najua mafundi wengi huacha betri kwenye chaja usiku kucha wakaenda kulala. Kwa betri ya aina yako, hilo ni kuhatarisha nyumba nzima.

Sasa tuje kwenye maandishi yaliyokuwa kwenye betri, maana hapo ndipo ungeweza kuujua uongo ukiwa bado umesimama dukani.

Ndani ya betri ya drili kuna seli ndogo za mviringo zilizopangwa kama betri za tochi. Seli moja ya lithiamu inahesabiwa kuwa na volti 3.6. Seli tano zikiungwa kwa mfuatano zinatoa volti 18, na hiyo ndiyo betri ya volti 18 ya kampuni yoyote ile. Seli hiyo ikijaa chaji hufika volti 4.2, kwa hiyo zote tano hufika 21. Ndiyo maana utaona kampuni nyingine zinaandika 20 badala ya 18: zimehesabu volti za betri iliyojaa, wala si nguvu ya ziada. DeWalt, kwa mfano, huandika 20 kwa soko la Marekani na 18 kwa soko la Ulaya, na betri ni ileile. Basi mtu akikupa betri yenye ukubwa na umbo la volti 18 halafu imeandikwa 48, au 88, au 128 kama nyingine ninazoziona zikizagaa, hizo volti zimetoka kwenye mashine ya kuchapa stika. Peleka ile betri yako iliyokufa, isiyovimba, kwa fundi simu yeyote mwenye mita. Hata kama ingekuwa nzima na imejaa, isingevuka 21.

Na mAh 15,000, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inadai kubeba? Seli zinazotumika zaidi zina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo bora kabisa ya ukubwa huo inabeba karibu mAh 3,500. Betri kubwa ya kawaida ya drili ina seli kumi, tano kwa tano sambamba, kwa hiyo mwisho wake ni karibu 7,000, na kwa kazi nzito watengenezaji waaminifu huishia 5,000 au 6,000. Yako ilidai zaidi ya mara mbili ya kile kinachoweza kuingia mle ndani.

Hesabu hiyo inatupa kipimo kingine kizuri zaidi, na hakihitaji mita wala elimu ya umeme. Ni mizani. Seli moja ina uzito wa gramu 45 hadi 48. Seli kumi peke yake zinakaribia nusu kilo, na ukiongeza gamba na saketi, betri halisi ya ampea-saa 5 (ndiyo mAh 5,000) inapita gramu 600. Ile ndogo ya seli tano, ya ampea-saa 1.5 au 2, huwa kama gramu 350 hadi 400. Mtu akikuuzia betri nene iliyoandikwa 5.0 au 6.0 na mizani ikasema gramu 380, ndani kuna seli tano na nafasi tupu. Duka la jirani lina mizani ya kupimia sukari. Omba upimiwe, si aibu. Stika inachapwa vyovyote mtu atakavyo, lakini uzito wa seli ambazo hazimo hauwezi kuwekwa.

Hii ndiyo rai yangu kubwa kwako: ukienda kununua mashine ya betri, anza na betri, mashine ije baadaye. Vijana wengi hufanya kinyume. Hushika mashine, huisikiliza ikizunguka bila mzigo, huvutiwa na boksi lililojaa biti arobaini, na betri huwa wameitazama kwa jicho moja tu. Lakini gharama kubwa ya mashine hizi iko kwenye betri. Betri moja halisi ya ampea-saa 5 ya kampuni kubwa, peke yake, hukaribia au kupita bei uliyolipa kwa seti nzima. Na zile biti na soketi zilizojaa kwenye boksi ni chambo. Seti nyingi za kweli za mafundi huja na mashine, betri, chaja na boksi basi. Biti unanunua mwenyewe kwa kazi yako.

Kuhusu maneno ya kwamba imetengenezwa Japani, hayakuthibitishii kitu. Makita ilianzishwa Nagoya mwaka 1915 na makao yake makuu mpaka leo yako Japani, lakini ina viwanda China, Romania, Uingereza, Thailand na kwingineko. Drili halisi ya Makita iliyotengenezwa China ni halisi. Wanaoghushi wanajua kwamba mnunuzi wetu akiliona neno Japani moyo unatulia, kwa hiyo wanaliandika kubwa. Tazama badala yake namba ya modeli. Kila mashine halisi ina namba, na namba hiyo unaweza kuiingiza kwenye tovuti ya kampuni kwa simu yako ukiwa umesimama palepale kaunta. DHP482 ya Makita, tuseme, ni ya volti 18, ina mota ya kaboni (vile vipande vinavyosugua ndani kupeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), na msokoto wake wa juu, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nyutoni-mita 62. DHP484 ndiyo yenye mota isiyo na kaboni. Ukiiona 482 imeandikwa haina kaboni, au ina volti 48, au msokoto wa nyutoni-mita 300, umeshapata jibu. Drili za Makita utakazokutana nazo mpya kwa kawaida ni za familia ya volti 12, 18 au 40. Namba nyingine za ajabu hazimo.

Herufi za mwisho nazo zina maana yake. Kwa Makita, Z mwishoni ni mashine tupu isiyo na betri wala chaja. Watu wameuziwa mashine halisi yenye Z, wakawekewa betri bandia pembeni na kuambiwa ni seti ya kiwandani. Huyo mnunuzi amepata nusu kweli nusu uongo, na nusu ya uongo ndiyo inayoungua.

Chaja uitazame pia. Chaja ya kweli ya volti 18 ni kifaa kizito kidogo, betri inateleza na kuingia juu yake, na inazungumza na betri kupitia vituo vyake, vile vibati vya chuma vinavyogusana, ili kujua joto na kiwango cha chaji. Chaja ya haraka ya Makita, DC18RC, ina feni ndani na hujaza betri ya ampea-saa 5 kwa dakika 45 hivi. Ukiona seti inayodai ni ya kampuni kubwa halafu chaja yake ni adapta nyepesi kama ya simu, yenye waya mwembamba na pini ya duara, iache hapohapo. Chaja ya namna hiyo haijui betri imejaa lini wala imepata moto kiasi gani, na nadhani ndiyo iliyoivimbisha yako.

Ukimaliza betri, chaja na namba, ndipo ushike mashine. Nenda dukani na kipande chako cha mtiki na skrubu zako mwenyewe. Sisi wa Tanga hatukosi vipande vya mtiki, msitu wa Longuza uko hapo Muheza tu. Mwambie muuzaji unataka kufunga skrubu kadhaa mfululizo, pasipo kutoboa kwanza. Mashine yenye nguvu ya kweli itazisukuma bila kulia. Funga biti ndefu iliyonyooka, izungushe polepole, utazame ncha: ikichora duara hewani, kichwa cha kushikia biti kimepinda, na tundu zako za bawaba hazitanyooka kamwe. Bonyeza kitufe kidogo kidogo, mwendo uongezeke taratibu kadiri unavyobonyeza, usiruke. Kama imeandikwa haina kaboni, chungulia kwenye matundu ya hewa penye kivuli ikiwa inazunguka. Cheche za bluu zikionekana, kaboni zimo. Mota ya kaboni si dhambi, mafundi wengi wanaitumia miaka, ila kudanganywa kwa maandishi ni dalili ya mengine yaliyofichwa. Duka likikataa kukuruhusu kujaribu, ondoka bila ugomvi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mwenye mali nzuri hana sababu ya kuizuia isishikwe.

Sasa niwajibu wenzako.

Anayekwambia Kariakoo hajakosea, ila hajakusaidia. Mtaa mmoja kule una wakala wa kweli na muuzaji wa bandia wanaotazamana, na mizigo mingi ya Ngamiani inatoka kulekule. Mji hauthibitishi mali. Kinachosaidia ni kujua wakala anayetambuliwa na kampuni yenyewe. Ingia kwenye tovuti ya kampuni utazame wanaowauzia Tanzania, au waandikie uwaulize. Ukimpata wakala, lipa nauli ya basi kwa moyo mkunjufu, maana waranti yake inashikika.

Anayekushauri mtumba wa Japani ana hoja nzuri na tahadhari moja kubwa. Mashine iliyotumika na seremala wa kule mara nyingi ni halisi, na mwili wake unaweza kudumu. Lakini umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Chaja ya kule ukiichomeka hapa inaweza kuungua papo hapo, na ya Marekani ya volti 120 vivyo hivyo. Halafu betri kuukuu ni bahati nasibu, huzeeka hata ikikaa kabatini. Nunua mtumba ukiwa umeshaweka hesabu ya betri mpya na chaja ya volti 230 pembeni. Ukijumlisha ukaona imekaribia bei ya mpya, chukua mpya.

Na mwalimu wako, mpe heshima yake yote, lakini hapa simuungi mkono. Feki ni kitu kinachovaa jina la mwingine. Total na Ingco ni kampuni za Kichina zinazouza kwa majina yao wenyewe, kwa bei ya mtu wa kawaida, na zina mashine za volti 20 ambazo fundi anayeanza anaweza kupata mkate wake nazo. Huwezi kuzidai ziwe sawa na mashine ya bei mara tatu au nne. Betri yake haitavumilia kutwa nzima ya mninga kwa miaka mingi, na mota itachoka mapema. Lakini drili ya Ingco iliyo Ingco kweli naiweka juu ya Makita ya uongo bila kusita hata kidogo, kwa sababu volti zake ni zile ilizoandika na vipuri vyake vinapatikana. Kama mfuko haujafika kwenye majina makubwa, anzia hapo na usione haya mbele ya mafundi wenzako.

Chagua lakini kwa macho ya mbali, kwa sababu ukishanunua betri umeoa familia. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine, na hata ndani ya kampuni moja kuna mipaka: Bosch za bluu ni za mafundi, za kijani ni za matumizi ya nyumbani, na betri zao za volti 18 hazibadilishani. Makita ya 18 haiingii kwenye ya 40. Kwa kazi yako ya makabati ningeanza na drili moja ya volti 18 au 20 na betri mbili za ampea-saa 2 au 3. Hizo ni nyepesi kwa kazi ya kunyoosha mkono juu ya ukuta. Baadaye, ukipata kazi, unaongeza impakti ya kufungia skrubu ikiwa mwili mtupu, unatumia betri zilezile. Na mashine za waya usizitupe. Msumeno na randa za karakanani ziache kwenye umeme, hapo betri ni gharama ya bure. Ukishapata betri nzuri, isikae juani kwenye baiskeli wakati unafunga makabati ndani, na ifute vituo vyake mara kwa mara, maana upepo wa bahari yetu una chumvi.

Nunua kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iliyoandikwa namba ya modeli, si neno "drili" tu. Ile yenye msimbo wa kuskani unaweza kuihakiki TRA kwa simu. Kuidai ni wajibu wako kisheria kama ilivyo wajibu wake kuitoa.

Nakuja kwa rafiki wa baba. Sioni kuwa kudai haki yako ni kumvunjia heshima. Heshima inavunjwa na namna ya kudai. Mweleze baba kwanza, asije akasikia msikitini. Kisha nenda dukani saa ambayo hakuna wateja, na kama baba yuko tayari, muende wote. Usianze na neno feki. Anza na hesabu ya seli tano niliyokupa, mwonyeshe stika, mwache aone mwenyewe. Huenda naye aliuziwa katoni nzima na mtu wa jumla akaamini, wauza vifaa wengi hawajui ndani ya betri mna nini. Mwombe akurudishie hela yako, na umwombe kwa moyo uleule aziondoe zilizobaki rafuni, kwa sababu nyumba itakayoungua huenda ikawa ya jirani yake. Mzee mwenye kumcha Mungu atakusikia.

Asipokusikia, mlango upo. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Ubora na viwango ni kazi ya TBS, Shirika la Viwango. Risiti ya mkono si EFD, lakini ina jina la duka, tarehe na bei, nayo ni ushahidi. Kupeleka malalamiko si kumshitaki mzee kwa uadui. Hilo baba yako anaweza kumweleza vizuri kuliko wewe.

Siku ya kwenda beba mashine, chaja, ile betri iliyokufa, boksi na risiti. Ile iliyovimba usiipakie kwenye daladala wala bajaji. Ipige picha pande zote, stika ionekane vizuri, na umwonyeshe kwenye simu.